Baraza Lafungwa, Soja Abisha Hodi

Mliniacha wiki iliyopita nimechuchumaa nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, vumbi la dagaa wa omena limenijaa puani. Bado niko hapo hapo. Magoti yananiuma.

Kwa msomaji ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kukutana na masaibu yangu, nitakueleza haraka usije ukanidhania mwendawazimu.

Naitwa Kamanthe, mzaliwa wa Kathiani. Nauza mbegu, dawa za mifugo na vifaranga katika agroveti moja mjini Machakos. Duka si langu. Ni la Warigia, mama wa Kikuyu aliyefika mji huu kabla sijazaliwa. Kila mtu humwita Mama Njambi.

Saa ya chakula cha mchana mimi sili. Huvuka barabara nikaingia saiba ya Nzuki, nikaketi kwenye ile kompyuta ya pembeni, nikageuka mtu mwingine. Kwenye intaneti mimi si Kamanthe wa vifaranga. Mimi ni Binti Iveti, na watu huko hunisikiliza.

Mahali penyewe panaitwa Baraza la Runinga. Ni uwanja wa mazungumzo ambapo watu kutoka Kitale hadi Kwale, na wengine walioko ng'ambo, hukutana kubishana kuhusu vipindi vya TV. Nani anajua kuigiza, nani kabebwa na sura, kwa nini mama wa kambo katika kila mchezo lazima avae wigi. Hakuna anayejua jina la mwenzake. Tunajuana kwa majina ya utani na kwa namna tunavyocheka.

Huko ndiko nilikojitafutia balaa.

Kila Jumapili huonyeshwa kichekesho kiitwacho Geti la Tajiri. Ndani yake kuna soja Mkamba, mlinzi wa geti, jina lake Kimeu. Kimeu anaogopa simu. Anaogopa lifti. Anaamini paka wa jirani ni shangazi yake. Gari likikaribia getini anatimua mbio akipiga kelele, "Mbwana! Ngali! Ngali!" na nchi nzima inaanguka kwa kicheko.

Mimi sikucheka. Niliandika hivi: "Kwani Wakamba wote wa runinga walizaliwa getini? Sijawahi kuona Mkamba daktari, wala mwalimu, wala hata mwizi wa maana. Ni soja au ni mganga. Mwondoeni huyo Kimeu!"

Moto ukawaka. Mwanzoni watu walibishana kuhusu mchezo. Halafu wakauacha mchezo wakaanza kutukanana kwa makabila yao, na mjue huu ni mwaka wa uchaguzi. Mwenyekiti wa Baraza, ambaye hatujui hata anaishi nchi gani, akatangaza kwamba amechoka kufuta matusi. Ijumaa jioni angefunga Baraza, lisifunguliwe tena.

Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo. Na mchana wake, nikiwa napanga chupa za dawa ya kupe, soja wa runinga aliingia dukani kwa miguu yake mwenyewe akasema, "Nimeambiwa Binti Iveti anafanya kazi hapa."

Ndipo nikapiga mbizi nyuma ya magunia.

Sasa tuendelee.

"Binti nani?" Mama Njambi akauliza. Halafu mayowe. "Uuuwi! Si wewe ni yule soja? Yule wa ngali, ngali?"

"Ndiye mimi, maitũ. Wĩ mwega?"

Mimi kule chini nikatega sikio. Soja Mkamba anayechekwa na nchi nzima alikuwa amesalimia kwa Kikuyu, tena bila kujikwaa hata kidogo.

"Kumbe wewe ni wetu?" Mama Njambi akasema.

"Naitwa Ndungu. Baba yangu ni Macharia, alikuwa na duka pale Matuu."

Hasira ikanipanda, na vumbi la omena likapanda nayo. Nikapiga chafya iliyotingisha magunia.

"Hiyo ni panya?" akauliza.

"Hiyo ni mfanyakazi wangu. Kamanthe! Toka huko nyuma uone staa!"

Nilitoka. Nywele zangu zilikuwa nyeupe kwa unga wa kuku.

"Nilikuwa natafuta kijiko," nikasema.

Kwenye runinga Kimeu huvaa koti linalofika magotini na kofia inayomfunika macho. Huyu wa dukani alikuwa na shati lililopigwa pasi na miwani. Ungemwona mtaani ungemwomba akusaidie kujaza fomu za benki.

"Wewe ndiye Binti Iveti?"

"Binti Iveti ni nani? Mimi simjui."

"Nzuki wa saiba ameniambia ni yule dada wa agroveti anayecheka peke yake mbele ya kompyuta."

"Madada wa agroveti ni wengi hapa mjini."

"Wa kucheka peke yake ni wewe tu," Mama Njambi akasema.

Nilipoona nimebanwa, niliamua kushambulia.

"Haya, ni mimi! Umekuja kunipiga? Na kumbe hata Mkamba si wewe! Mkikuyu mzima anatuigiza sisi ili tuchekwe! Huoni haya?"

Akanijibu kwa Kikamba. Kikamba cha Yatta, kizito, cha mtu aliyepigana na watoto wenzake kisimani kwa lugha hiyo. Mimi na Kikamba changu cha mjini nilibaki nikitafuta nusu ya maneno. Mama Njambi akalalamika kwamba anaachwa nje, basi Ndungu akarudi kwa Kiswahili.

"Sikuja kupigana, dada. Nimekuja kukuambia umeshinda. Wamemwondoa Kimeu."

"Wamemwondoa vipi?"

"Jumapili hii nagongwa na ngali."

Mama Njambi akaketi juu ya gunia kama aliyepokea habari za msiba wa kwao.

"Nakufa pale pale getini," Ndungu akaendelea. "Tayari wametangaza. Nimebakiwa na sehemu moja tu ya kulala chini na kutoa ulimi."

Sikujua nifurahi au nifanyeje. "Na nafasi yako wameipa nani? Wamemweka Mkamba mwingine? Daktari labda?"

"Hapana. Wanaweka geti la rimoti. La kujifungua lenyewe."

Wasomaji wangu, nilitaka Mkamba bora. Nikapewa rimoti.

Papo hapo simu yangu ikalia mara moja ikakatika. Huyo ni mama yangu, Syokau, kule Kathiani. Yeye huniita hivyo ili mimi ndiye nimpigie. Nikampigia.

"Kamanthe, Jumapili uje na betri ya gari iliyochajiwa vizuri," akasema bila salamu. "Ya juzi ilituzimikia katikati. Wanawake wa kanisa wote wanakuja kwangu kumtazama Kimeu. Wanasema atakufa. Ni kweli?"

"Nasikia hivyo, mwaitu."

"Mtoto wa jirani anayesoma Nairobi ametuambia kuna msichana fulani kwenye kompyuta ndiye aliyeomba auawe. Huyo msichana hana mama?"

"Anaye, mwaitu."

"Basi mama yake ana kazi."

Mama Njambi alikuwa amesogeza sikio karibu na simu. Alianza kutikisika mabega.

"Lakini mwaitu," nikajaribu, "kwani wewe huoni uchungu? Si anafanya watu watucheke? Si anaonyesha Wakamba ni wajinga?"

Nilisikia kuku wa mama.

"Ujinga wake nauona," akasema. "Mimi si kipofu. Lakini tangu uninunulie hiyo televisheni, watu wote walio ndani yake wanaongea kama wanasoma habari. Huyo peke yake ndiye anaongea kama baba yako. Akisema 'ngali', mimi nasikia baba yako yuko nje anarudi kutoka sokoni. Sasa wakimuua, nitamsikia wapi?"

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la saba. Mama huwa hamtaji.

"Usisahau betri," akasema, akakata.

Niliiweka simu mfukoni taratibu. Ndungu alikuwa amevua miwani anaifuta kwa ncha ya shati, na miwani haikuwa na uchafu wowote. Alikuwa amesikia kila neno, maana mama yangu huongea kwenye simu kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza.

"Produsa wetu anaitwa Aloys. Husema hasomi Baraza, lakini hulisoma kila siku. Nimemlilia, akaniambia si yeye aliyeniua, ni watazamaji. Na watazamaji kwake ni Baraza. Wewe ndiye uliyesema niondolewe. Ukisema nisiondolewe, huenda akasikia. Lakini likishafungwa leo, hakuna pengine pa kusemea."

Nikamtazama Mama Njambi. Yule mama hajawahi kufunga duka mchana, hata siku mvua ya mawe ilipobeba mabati ya jirani. Akachukua kufuli.

"Kuku wa Machakos watangoja," akasema. "Twendeni."

Tukavuka barabara. Tukaingia saiba. Nikaketi. Nikashika kipanya. Umeme ukapotea.

"Nzuki!" tukaita watu watatu kwa pamoja.

Nzuki ni kijana mpole anayeongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alieleza kwamba jenereta ipo, ila wanaitumia pamoja na kinyozi wa mlango wa pili, na haiwezi kubeba mashine za kunyoa na kompyuta kwa wakati mmoja. Wiki hii ilikuwa zamu ya kinyozi.

"Niachie mimi kinyozi," Mama Njambi akasema, akatoka.

Sijui alimwambia nini. Nilichosikia ni jenereta ikinguruma, kompyuta mbili zikawaka, na mwanamume mmoja akaingia saiba akiwa na shuka la kinyozi shingoni. Upande wa kushoto alikuwa amenyolewa. Upande wa kulia alikuwa na nywele zake zote.

"Ni nani amezima mashine?" akauliza.

"Keti, baba," Mama Njambi akamwambia. "Tunaokoa maisha ya mtu."

Akaketi.

Intaneti ya enzi hizi mnaijua. Ukurasa unafunguka kuanzia juu, mstari kwa mstari, kama mtu anayeshusha suruali kwa aibu. Tukingoja, nikamuuliza Ndungu swali lililokuwa likinikereketa.

"Ulianzaje kumwigiza Mkamba?"

"Nilizaliwa Matuu katikati ya Wakamba. Shuleni Nyeri walinicheka kwamba Kikuyu changu kina lafudhi ya Kikamba. Nikaenda Nairobi kujaribu uigizaji. Wakaniuliza, unaweza kuwa Mkamba? Nikasema hiyo tu? Nikaongea kama rafiki yangu wa utotoni. Wakasema, ongeza. Nikaongeza. Wakasema, ongeza tena. Nikaongeza." Akatabasamu, lakini nusu nusu. "Niliongeza mpaka rafiki yangu akaacha kunipigia simu."

Ukurasa ulikuwa umefika nusu. Ndungu akavuta kiti mbele ya kompyuta ya pili ili naye aingie Baraza aniunge mkono. Akaandika jina lake la huko.

Mimi nilikuwa namchungulia. Nikaliona jina.

Kiroboto.

Wasomaji, ngojeni niwaambie Kiroboto ni nani. Kiroboto ndiye adui yangu mkubwa pale Barazani. Nikiandika kwamba Kimeu ni aibu, Kiroboto anaandika kwamba mimi nimekosa usingizi. Nikiandika aya tatu, ananijibu kwa maneno manne na watu wote wanacheka, mimi nikiwa wa kwanza. Halafu akaanza kunitumia ujumbe wa pembeni, usioonekana na wengine. Tukaanza kuzungumza mambo yasiyohusu runinga. Nilimwambia Kiroboto mambo ambayo sijamwambia hata padri. Nilimwambia natamani kuandika michezo. Nilimwambia, Mungu wangu, kwamba kama angekuwa karibu ningemnunulia chai na maandazi nimwone anavyotafuna.

"Wewe!" nikasimama. "Ulisema wewe ni fundi wa meli Mombasa!"

"Na wewe ulisema wewe ni wakili," akajibu, uso umemwiva. "Nilifika saiba uliyonitajia nikiuliza wakili Binti Iveti, nikaelekezwa kwenye vifaranga."

Mwanamume aliyenyolewa upande mmoja akamgeukia Mama Njambi. "Hawa ni mke na mume?"

"Bado," Mama Njambi akasema.

"Ulijua ni mimi ninayekutukana kila siku?" nikamuuliza Ndungu.

"Nilijua unamtukana Kimeu. Mimi binafsi ulikuwa unaniambia habari za maandazi."

Ningemrushia kibodi, lakini ukurasa ukamaliza kufunguka. Juu kabisa Mwenyekiti alikuwa ameandika: "Andikeni ya mwisho. Nafunga jioni hii."

Chini yake watu walikuwa wakiagana. Mmoja aliandika kwamba Baraza ndilo lililomtoa kwenye upweke alipohamia baridini. Mwingine aliandika kwamba yeye na mkewe walikutana hapo wakigombana kuhusu mwisho wa mchezo fulani. Halafu, katikati ya kwaheri hizo, mtu akaandika: "Asante Binti Iveti kwa kutuvunjia nyumba."

Nikaandika hata hivyo.

"Mimi ndiye niliyesema Kimeu aondolewe. Naomba asiuawe. Sikutaka atoweke, nilitaka awe mtu. Mama yangu leo ameniambia kwamba huyo soja ndiye peke yake kwenye runinga anayeongea kama marehemu baba yangu. Baba alikuwa akisema 'ngali' na alikuwa mtu mwenye akili zake. Mwacheni Kimeu aseme 'ngali'. Mpeni na akili."

Nikabonyeza kitufe. Mstari wa chini ukatambaa. Ujumbe ukaenda.

Jibu la kwanza: "Leo ndio unajua?"

La pili lilikuwa tusi. Sitaliandika, gazeti hili husomwa na watoto.

La tatu likatoka kwa Kiroboto, yaani mtu aliyeketi kando yangu akiwa amening'iniza ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika: "Binti Iveti amesema kweli. Mimi nilikosea kumtetea Kimeu alivyo. Nawe Binti, umekosa usingizi bado."

Nikacheka bila kupenda.

Kisha akaja mtu ambaye hatukumzoea. Alijiita Mama Kofia. Aliandika: "Mimi ni Mnubi wa Kibera. Nimesoma ugomvi wenu kimya kimya tangu mwanzo. Nyinyi mnagombania soja. Sisi kwenye runinga hata getini hatujafika."

Nilisoma maneno yale kwa sauti mara mbili kwa ajili ya Mama Njambi, ambaye miwani yake alikuwa ameiacha dukani.

Baada ya hapo ilikuwa kama mtu amefungua bomba. Mhindi mmoja wa Kisumu akaandika: "Sisi tupo sana. Tuko nyuma ya kaunta tunamfokea mfanyakazi. Mimi ni daktari wa meno na nafokewa na wagonjwa." Msomali wa Garissa akaandika: "Mkituona, angalieni mkononi. Lazima kuna bunduki. Mimi nafundisha hesabu." Mtu anayetumia kiti cha magurudumu akaandika kwamba katika kila mchezo mtu kama yeye lazima apone kwa muujiza kabla ya mwisho, na kwamba yeye hana haraka ya kupona, ana mechi ya kutazama. Mwanamke wa Turkana akauliza kama kuna anayejua Waturkana pia huenda dukani, huugua mafua na hugombana na mama mkwe, au ni ng'ombe tu wanaojulikana.

Hakuna aliyetukana. Watu walicheka wakaulizana maswali. Nzuki aliacha kaunta akaja kusimama nyuma yetu. Mwanamume mwenye nywele nusu alikuwa akisoma kwa sauti, akibadilisha sauti kwa kila mtu, na alikuwa na kipaji.

Nilitamani kumjibu Mama Kofia. Nilitaka kumwomba namba ya simu, jina lake, chochote. Nikaanza, "Mama Kofia, tafadhali nipe..."

Nikabonyeza kitufe. Ukurasa ukawa mweupe.

Halafu maneno machache katikati: "Baraza limefungwa. Rudini makwenu salama."

Nzuki aliinama akajaribu tena. Limefungwa. Akajaribu kwenye kompyuta ya Ndungu. Limefungwa. Tulikaa tukiukodolea macho weupe ule. Watu ambao nilikuwa nimecheka nao kila mchana, nikijua nani hulala na redio na nani anachukia nyanya, wote walikuwa wameondoka kwa mara moja na sikujua jina la hata mmoja. Isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa kando yangu akinipa leso yake.

"Labda Aloys hakusoma," akasema polepole.

Nje matatu zilipiga honi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanamume mwenye nywele nusu akauliza kwa adabu kama sasa anaweza kurudishiwa umeme wake.

Simu ya Ndungu ikalia.

Alitazama jina, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Ni Aloys!"

"Weka spika!" tukasema.

Sauti nene ikajaa saiba. "Ndungu! Umempata huyo Binti Iveti uliyekwenda kumtafuta?"

"Niko naye hapa, bosi."

"Dada, umenipa kazi leo. Mimi huwa sisomi yale mambo ya Baraza..."

Ndungu akanikonyeza.

"...lakini leo nimesoma mpaka lilipokatika. Sikilizeni. Soja hafi."

Mama Njambi akapiga vigelegele. Nzuki, yule mpole, alipiga meza hadi kibodi ikaanguka.

"Ngojeni, sijamaliza. Tunageuza hadithi. Tajiri anafilisika. Nyumba inauzwa. Na anayeinunua ni nani? Kimeu! Kumbe miaka yote alikuwa na shamba kubwa la matunda Kathiani na hakuna aliyewahi kumuuliza. Anahamia ndani. Anakaa sebuleni. Na Ndungu, hakuna kuongeza tena. Ongea kama watu wa kwenu wanavyoongea."

Ndungu akaitikia kwa kichwa, kana kwamba Aloys anamwona.

"Na wewe dada," sauti ikaendelea, "Jumatatu njoo utusaidie kuandika. Nataka hayo maneno ya baba yako."

Niliona macho ya Mama Njambi yakihama kutoka kwenye furaha hadi kwa vifaranga wake, kisha yakarudi kwenye furaha. Akanisukuma begani. "Sema ndiyo, mjinga wewe."

"Ndiyo," nikasema.

Hapo ndipo ningependa hadithi yangu iishie. Nilikuwa nimemwokoa soja, nimepata kazi ya kuandika, na nimempata Kiroboto, yote siku moja. Lakini mimi ni Kamanthe, na mambo yangu mnayajua.

"Safi," Aloys akasema. "Basi swali moja dogo kabla sijakata. Kimeu akiwa mwenye nyumba, getini anabaki nani? Lile la rimoti tulilijaribu jana, hakuna aliyecheka. Lazima tuwe na soja mpya, na soja wa kuchekesha lazima awe na lafudhi. Wewe ndiye mtaalamu wa mambo haya, dada. Tumfanye kabila gani?"

Jenereta ilikuwa ikinguruma.

Mama Njambi akafunga kitenge chake upya, akiniangalia kwa jicho moja. Nzuki akapata ghafla kazi ya kuokota kibodi sakafuni. Kwa mazoea niligeukia kompyuta ili niwaulize watu wa Baraza. Weupe mtupu.

Mwanamume mwenye nywele nusu alijivuta taratibu kuelekea mlangoni.

"Mimi hapa hamjui natoka wapi," akasema. "Tafadhali tuendelee hivyo hivyo."

"Dada?" Aloys akaita. "Waandishi wananingoja. Sema tu kabila lolote. Hakuna atakayejua ni wewe uliyechagua."

Nikaichukua simu mkononi mwa Ndungu. Akanong'ona, "Kamanthe, pole pole." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitaja kwa jina langu.

"Uko na kalamu?" nikamuuliza Aloys.

"Niko nayo."

Mama Njambi akafumba macho.

"Basi andika," nikasema.